Abiria Aliyeandikwa

Rubani huyu watu walimwita Mizani, na jina lilimkaa. Hakuna aliyepanda ndege yake bila kupandishwa kwanza kwenye mizani ya mlangoni mwa ofisi, awe mkubwa, awe mdogo, awe kavaa suti na tai. Mama mkwe wake mwenyewe alipandishwa siku moja mbele za watu na kilo zake zikasomwa kwa sauti. Yule mama hakumsemesha mwezi mzima. "Mwacheni," mkewe alikuwa akisema, "huyu hata siku ya kiama atauliza roho zina kilo ngapi." Watu wakicheka, naye alicheka nao. Kisha aliandika jina na kilo kwenye karatasi ya safari, akarusha ndege yake ya injini moja, akaenda zake.

Kwa nini alikuwa hivyo, hakuna aliyejua. Tutafika huko, msiwe na pupa.

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Saa mbili asubuhi, jua la wastani, chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, Mizani anafuta vioo vya ndege kwa kitambaa huku akipiga mluzi. Kila asubuhi alikuwa na kazi moja asiyoiruka: chini ya kila bawa kuna kibomba kidogo, naye alikinga hapo kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, akachota mafuta kidogo, akayainua juani. Mafuta ya ndege ile yana rangi ya samawati iliyopauka. Maji yakiingia kwenye tangi hukaa chini, meupe, na kwenye kikombe mtu huyaona kwa macho yake. Akiyaona huyamwaga mpaka ibaki samawati tupu. Basi alikuwa na kikombe mkononi, anainama chini ya bawa la kwanza, aliposikia honi ya gari inalia bila kukoma.

Nyuma ya gari alikuwa mdogo wake wa mwisho, mimba ya miezi tisa, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Mume huyo alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, futi ya kupimia haikutoka shingoni hata siku ya harusi yake. Sasa shati lake lilikuwa jekundu mpaka kwenye kola. Mkunga aliruka chini kabla gari halijasimama.

"Kondo la nyuma limemtangulia mtoto," alimnong'oneza Mizani. "Lazima apasuliwe. Kwa barabara ni mwendo wa saa saba, na saa saba hana."

"Ana ngapi?"

"Mbili. Mungu akipenda, tatu."

Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa dakika hamsini kwa ndege. Viti viwili vikang'olewa, machela ikalazwa, mgonjwa akafungwa mikanda. Mizani alitia kikombe mfukoni. Hakukumbuka kwamba hajakitumia. Siku hiyo hakumpima mtu. Aliandika kilo kwa kukisia, majina manne: yeye, mdogo wake, mkunga, fundi.

"Themanini na moja, shemeji," fundi alisema akijaribu kutabasamu. "Toa moja. Nimepungua kwa hofu."

Wakaruka.

Kwa muda walikuwa salama. Mkunga anakandamiza vitambaa, fundi anamshika mkewe mkono na kumwambia mambo madogo madogo, mara fundi mwenzake aliyeshona suruali ya miguu mitatu, mara jina la mtoto. Mizani hakugeuka nyuma. Aliweka pua ya ndege moja kwa moja kuelekea hospitalini, njia fupi kabisa, njia ambayo kwa miaka kumi na mmoja hakuipita. Kila safari alikuwa akipinda kidogo upande wa kushoto, dakika tatu za mafuta bure, na mtu akiuliza alisema ni upepo. Leo hakuwa na dakika tatu za kuchezea.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena. Ndege ikatikisika, kisha pangaboi likasimama wima mbele ya uso wake. Ukimya ulioingia humo ndani ulikuwa mbaya kuliko kelele yoyote. Ulisikika upepo tu unapita kwenye mabawa, na mgonjwa akiuma meno.

Alibadilisha tangi. Akawasha pampu. Akajaribu kuwasha injini mara moja, mbili, tano. Hola. Akaita kwenye redio. Akajibiwa na mtu wa mbali sana aliyemwambia ndege nyingine haipo karibu, na gari likitoka sasa hivi litafika jioni. Mshale wa kimo cha ndege ulikuwa unashuka.

"Kaka," mdogo wake akaita kwa sauti ndogo. "Mbona kimya?"

"Tunashuka kidogo. Lala."

Chini palikuwa na pori, mawe, makorongo. Na palikuwa na mahali pamoja tu pa kushukia. Alipajua kabla hajapaona. Uwanja mdogo wa kambi ya zamani ya wajenzi wa bwawa, bwawa ambalo halikujengwa likaisha. "Pasiwe hapo," alisema kwa midomo tu. "Ee Mungu, popote, lakini pasiwe hapo." Akageuza usukani kuelekea hapo hapo.

Walitua kwa kishindo. Gurudumu moja likaruka, likarudi, vumbi likawameza, na ndege ikasimama hatua chache kabla ya korongo ambalo mvua zilikuwa zimelichimba katikati ya uwanja. Wote hai. Fundi alilia na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mizani alikwishatoka nje, kikombe mkononi, anajua tayari alichofanya. Alikinga chini ya bawa. Kikombe kikajaa maji meupe, bila hata tone la samawati.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimewaua."

"Bado hatujafa," fundi alimjibu. "Yamwage. Nipe nikusaidie."

Wakaanza. Kikombe kimoja, maji. Kumi, maji. Yalimwagika kwenye ardhi kavu na ardhi ikayanywa. Ishirini. Tangi zima la ndege ile likiingia maji, hayazidi vikombe vichache, kwa sababu yakizidi injini haiwaki hata uwanjani. Thelathini. Mizani alipanda juu ya bawa, akafungua mfuniko wa tangi, akatumbukiza kijiti. Tangi lilikuwa limejaa mafuta vilevile. Halikupungua hata unywele. Chini yanatoka maji.

Aliyaonja. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na ladha ya kisima.

Hapo akakaa chini. Lazima niseme sasa kile ambacho hata mkewe hakuwahi kuambiwa. Miaka kumi na mmoja nyuma, akiwa rubani mchanga, Mizani alitua kwenye uwanja huo. Mpishi wa kambi, mwanamke asiye na mume, alimjia na mtoto wa kiume wa miaka mitano, anawaka homa, macho yamegeuka. Mizani aliwapima wote wawili, akawaandika, akawakalisha kwenye viti. Kisha akaja msimamizi wa kambi na kasha la vyuma vya mtambo, akasema vyuma vinaondoka leo. Uzito ukazidi. Rubani mchanga akaogopa kupoteza kazi yake. Akawateremsha mama na mwana, akasema, "Nitarudi kesho asubuhi." Alirudi siku ya nne. Mtoto alikuwa amezikwa, na mama yake alikuwa ametolewa kisimani maiti, na msimamizi alikuwa amekwishaagiza kisima kifunikwe kwa zege. Usiku ule Mizani alifungua jalada, akakuta karatasi ya safari. Kasha lilikuwa limeongezwa chini. Majina mawili hakuyakata. Kwa mujibu wa karatasi, yule mtoto alipanda na hakuteremka popote.

Ndipo alipoanza kupima kila mtu. Kana kwamba ingesaidia.

"Shemeji," fundi alinong'ona. "Yule mama anatutazama."

Ukingoni mwa uwanja, pale kilipokuwa kisima, mwanamke alikuwa ameketi. Alikuwa anateka maji. Kamba inashuka, kamba inapanda, ndoo inamwagwa chini, kamba inashuka tena. Hakukuwa na zege. Kisima kilikuwa wazi.

Mizani alisimama. Hakutaka kwenda, na alikwenda. Kila ndoo iliyomwagwa, nyuma yake alimsikia fundi akisema, "Maji. Maji tena. Bado maji."

Alisimama hatua tano mbali naye. Uso wa mwanamke ulikuwa uleule wa mpishi wa kambi, haukuzeeka hata siku moja.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe."

Kamba ikashuka.

"Mdogo wangu anakufa mle ndani. Yeye hakukukosea. Ni mimi. Chukua chochote kwangu, chukua roho yangu nikishamfikisha. Acha maji yaishe."

Kamba ikapanda. Mwanamke alizungumza bila kumtazama, kwa sauti ya mtu aliyechoka tu, kama anayesubiri foleni.

"Sitaki roho yako. Mwanangu ana nafasi. Ulimwandika."

"Niliandika, mama."

"Basi mpeleke."

Ndani ya ndege mgonjwa alipiga ukelele mmoja, ukakatika katikati. Mizani hakufikiri tena. Nani angefikiri? "Nampeleka," alisema. "Nafasi yake ipo. Naapa."

Mwanamke akaweka ndoo chini.

Alipokimbia kurudi, fundi alikuwa ameinua kikombe juani. Samawati. Mabawa yote mawili, samawati tupu. Kuhusu mtoto, Mizani hakumwona mtoto yeyote. Alitazama chini ya machela, akatazama nyuma ya viti, hakuna kitu. Akajiambia ni jua na hofu, na maneno ya hewani hayamfungi mtu.

Yakabaki mahesabu ya uwanja. Korongo lilikuwa limeukata nusu, na kwa nusu ile, kwa joto lile, ndege haingeinuka na watu wanne. Alirudia kupiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa hilohilo. Mkunga hawezi kubaki. Rubani hawezi kubaki. Fundi alimwona anavyokwepa macho yake.

"Sema tu, shemeji. Kilo ngapi?"

"Themanini."

"Basi ni mimi." Alitoa kicheko kifupi, kibaya. Akaingia, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akamnong'oneza kitu, akatoka. "Mfikishe. Halafu unifuate. Usiponikuta hapa nitakuwa nimetafuta kivuli."

"Narudi saa hii hii. Sikai hata dakika."

"Najua."

Mizani alimshika mkono, na alitaka kumwambia asikae karibu na kisima. Lakini mkunga alipiga kelele kwamba mapigo yanapotea, naye akaruka kwenye kiti. Injini iliwaka mara moja. Ndege ikakimbia, korongo likaja, magurudumu yakaachana na ardhi pale ukingoni kabisa. Alitazama chini. Fundi alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, anapunga mkono. Kisima hakukitazama.

Karatasi ya safari ilikuwa kwenye paja lake. Majina manne. Kalamu ilikuwa mfukoni, na haikutoka.

Hospitalini walikuwa tayari wanawasubiri. Gari la wagonjwa lilisogezwa mpaka chini ya bawa, machela ikatolewa, watu wanapishana, wanapigana vikumbo. Mpokeaji wa uwanja, bwana mmoja mwenye miwani, mtu wa kufuata kanuni, alinyoosha mkono akaichukua karatasi. Mizani alikuwa amekwishaanza kujaza mafuta. Safari hii alichota kwenye kila kibomba mara tatu, akayatazama yote. Akageuza ndege, akarudi mbio.

Uwanja wa kambi ulikuwa mtupu.

"Shemeji!"

Alizunguka kwenye vichaka. Alikwenda mpaka kwenye mabanda ya kambi yaliyobomoka. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Kisha akaenda kisimani, kwa sababu hapakubaki mahali pengine.

Kisima kilikuwa kimefunikwa. Zege la zamani, limeota ukungu, nyasi zimekauka kwenye nyufa zake. Hakuna kamba. Hakuna ndoo. Hakuna ardhi iliyolowa. Mizizi ya kichaka ilikuwa imelikumbatia zege lile miaka na miaka.

Akalala kifudifudi. Akaweka sikio.

Kimya.

Kisha chini, mbali sana, mtu alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua, "Shemeji? Umesharudi?"

Alilipiga zege kwa nyundo ya kwenye ndege. Alilipiga kwa jiwe. Alilipiga kwa mikono mpaka kucha zikatoka, analia, anamwita, anamwambia subiri, naleta watu, subiri. Sauti haikusema tena. Akaruka kurudi mjini kutafuta wanaume na sururu.

"Mtu wangu kaachwa kule!" alimkemea mpokeaji. "Nipe watu! Fundi, mume wa mgonjwa!"

Mpokeaji alivua miwani. "Mzee, tulia. Fundi yupi?" Akaitoa karatasi. "Wameandikwa wanne, wameshuka wanne. Nimewahesabu mwenyewe. Huyo fundi si ndiye alishuka wa mwisho? Kalowa chapachapa, nikadhani ni jasho. Alipanda gari la wagonjwa."

Mizani alikimbia. Kwenye korido ya wodi alimkuta mkunga ameegemea ukuta.

"Wako hai," mkunga alisema. "Mama na mtoto. Wa kike."

"Na fundi?"

Mkunga alitazama sakafu. "Mimi nilimwona akibaki," alinong'ona. "Na nilimwona akishuka. Usiniulize kitu."

Kando ya kitanda, fundi alikuwa ameketi, miguu haigusi chini vizuri kwa jinsi alivyojivuta nyuma kwenye kiti. Shati halikuwa na damu. Futi ilikuwa shingoni. Mkononi alikuwa na bilauri ya maji, anakunywa bila kupumua, na alipoimaliza aliinyoosha kwa nesi apewe nyingine. Alimtazama Mizani, akatabasamu. Ni uso wa shemeji yake, kila kitu mahali pake. Lakini hakusema "shemeji". 

Kesho yake Mizani alirudi kule na wanaume wawili. Walilivunja zege. Chini yake kisima kilikuwa kimejazwa udongo mpaka mdomoni, mkavu, mgumu, wa miaka mingi. Walichimba mpaka jua likazama, wakakuta udongo. Wanaume wale walimtazama kwa huruma. Na utaripoti nini? Utaenda polisi useme kapotea mtu ambaye yuko nyumbani kwake, anakula, anakunywa, mkewe anamfulia?

Karatasi aliichukua kwa mpokeaji, anayo kabatini. Siku nyingine huitoa, hufungua kalamu, huiweka juu ya jina la nne. Kisha mkono unamganda. Akilikata, anamkata nani? Aliye nyumbani, au aliye chini ya udongo anayesubiri kufuatwa? Huirudisha kabatini. Kurusha ndege aliacha, akabaki na kazi ya ofisini.

Mwaka ulipita. Mdogo wake alimjia ofisini mchana mmoja, mtoto mgongoni, akafunga mlango.

"Kaka, mume wangu hajui kutunga uzi kwenye sindano," alisema. "Cherehani anaizungusha gurudumu tu, anacheka. Anagombania kijiko na mwanangu. Nikitoka, analia dirishani. Daktari anasema ni mshtuko wa ile safari, utaisha. Nikasema sawa, nitavumilia, mume ni mume. Ila jana..."

Akanyamaza. Akafungua fundo la leso yake, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

"Limeng'oka akila mkate. Nikamwambia afunue mdomo, nimtazame. Chini yake kuna jingine linaota."

Lilikuwa jino. Dogo, jeupe, halina mzizi. Jino la utoto, la mtoto wa miaka sita.

Mdogo wake alimtazama usoni, machozi yanamshuka, na aliuliza polepole kama mtu anayeogopa kusikia jibu.

"Kaka. Ile siku, mume wangu ulimwacha wapi?"